Mafundi uani, watoto likizoni

Mvua za Kigoma hukata mwezi wa Mei na kurudi Oktoba. Miezi ya katikati ndiyo ya ujenzi: udongo umekauka, lori la mchanga linapanda mlima bila kukwama, na zege likimwagwa halinyeshewi. Tatizo ni kwamba likizo ya Juni inaangukia hapohapo. Wiki ambayo fundi anafungua msingi uani ndiyo wiki ambayo wavulana, tuseme wa miaka 3, 6 na 9, wanashinda nyumbani, na kiwanja chao cha chandimu kimegeuka mtaro.

Wazazi wengi hutegemea sauti. "Toka hapo! Shuka hapo! Weka chini!" Kufikia siku ya tatu sauti imekauka na hakuna anayeisikia. Ulinzi wa kweli unapatikana mapema zaidi, pale unapokaa na fundi kupanga kazi ipi itangulie na ipi isubiri. Ua ukipangwa vizuri, wakati wowote unakuwa na sehemu moja tu ya hatari, na sehemu hiyo inafungwa kila jioni. Ukipangwa kwa urahisi wa fundi peke yake, utakuwa na mashimo matano wazi kwa mwezi mzima, kwa sababu kila kibarua aliyepatikana alipewa sululu na kuonyeshwa pa kuchimba.

Kuna jambo la saa pia ambalo mafundi waliotoka Dar huchelewa kulizoea. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, na mwezi wa Juni jua la Kigoma huchomoza baada ya saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Kazi inaanza saa 2, na vibarua wakiondoka saa 11 jioni bado kuna mwanga wa karibu saa mbili. Huo ndio muda ambao wavulana huingia eneo la kazi, kwa kuwa mafundi hawapo, mama yuko jikoni, na vifaa vyote vimelala palepale.

Jua kwanza ua wako ni wa aina gani

Nyumba za milimani, kama Mwanga, Gungu na Katubuka, shida yao ni udongo unaoteremka. Ujiji ni tambarare zaidi, lakini viwanja vyake ni vya zamani na chini yake kuna historia, hasa ya vyoo. Bangwe, Kibirizi na kote karibu na ziwa, maji ya chini hayako mbali, na katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda na kuingia kwenye makazi. Huko unaweza kuchimba shimo kavu asubuhi, kesho yake ukalikuta lina maji ya kufika magotini. Kwa mtoto wa miaka 2 au 3 hicho ni kina cha kufa maji. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili. Akiinama na kutanguliza kichwa hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele. Hata ndoo ya lita 20 yenye maji nusu inatosha.

Kwa ua wa zamani, kazi ya kwanza ni kutafuta choo kilichokufa. Vyoo vya shimo vilivyojaa vilifunikwa kwa magogo, mabati na udongo, halafu nyasi zikaota na watu wakasahau. Magogo huoza polepole kwa miaka. Lori la mchanga likipita juu yake, au wavulana watatu wakirukaruka hapo, sehemu inazama. Waulize wazee wa jirani choo cha nyumba hii kilikuwa wapi kabla ya hiki cha sasa, na kabla ya hicho. Pita na nondo ya milimita 12 ukichomachoma ardhi kila hatua moja. Mahali inapozama ghafla bila ukinzani, zungushia uzio siku hiyohiyo. Shimo hilo halishukwi na mtu kwa sababu yoyote, maana hewa ya humo inaweza kumuangusha mtu mzima kabla hajaita. Linavunjwa kifuniko kutoka pembeni, linajazwa kifusi kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka linamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa, na juu unaacha kichuguu cha sentimita 20, kwa sababu litashuka tu mvua zikianza. Usijenge kitu juu yake mwaka huo.

Mpangilio

Sheria moja ndiyo inayobeba zingine: shimo moja tu liwe wazi kwa wakati mmoja. Mtaro wa bomba la maji taka wenye urefu wa mita 15 hauchimbwi wote Jumatatu ukasubiri mabomba hadi Ijumaa. Mabomba ya inchi 4 yanunuliwe kwanza, yalale kibarazani, halafu mtaro uchimbwe mita 4 au 5, bomba lilazwe kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita, pajaribiwe kwa ndoo ya maji, pafukiwe, ndipo muendelee. Fundi atalalamika kwamba anapoteza muda, na ni kweli, anapoteza kidogo. Mpe bei inayolingana na utaratibu huo tangu mwanzo, badala ya kubishana naye katikati.

Mashimo makubwa, hasa la maji taka lenye kina cha mita 2.5 au 3, subirisha mpaka shule zifunguliwe Julai. Kiangazi kina miezi ya kutosha. Juni fanya kazi za juu ya ardhi: kusawazisha, ukuta mfupi wa mawe, jamvi (sakafu ya zege) la jiko la nje, ngazi. Kama shimo haliwezi kusubiri, basi wadogo waende kwa bibi siku za kuchimba na kujengea. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukingo wa shimo lisilojengewa hukatika bila taarifa. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Uwe angalau mita 1 kutoka mdomo wa shimo, kwa sababu uzito wake ndio unaousukuma ukingo ndani.

Kufunika nako kuna namna yake. Bati juu ya shimo ni mtego: linaficha shimo, linapinda, na mvulana wa miaka 6 atalikanyaga ili kusikia mlio wake. Tumia mbao za unene wa inchi 2 zilizopigiliwa pamoja, na chini yake pigilia kipande cha ubao kinachoingia ndani ya mdomo wa shimo, ili mfuniko usiweze kusukumwa pembeni. Utepe wenye rangi na kamba ni vya kumwonya mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 anapita chini yake bila hata kuinama. Uzio wa mirunda na mabati yaliyosimamishwa, wenye kimo cha mita 1.2, unafanya kazi, ilimradi fito za kulala ziwe upande wa shimo, si upande anakosimama mtoto. Zikiwa upande wake zinakuwa ngazi.

Ukuta wa mawe unaozuia udongo

Kwa nyumba ya mlimani hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Watu hujenga ukuta wa tofali za inchi 5, mnyoofu kama wa chumba, wanajaza udongo nyuma yake, na Januari unalala chini. Lawama hutupiwa saruji. Mara nyingi saruji haina kosa: udongo mkavu unaweza kuzuiwa na ukuta wa kawaida kwa muda, lakini udongo ulionyonya mvua ni mzito zaidi, na maji yaliyokosa njia ya kutoka yanausukuma ukuta moja kwa moja.

Kwa kimo cha mita 1 juu ya ardhi ya chini, chimba msingi wa kina cha sentimita 40, jaza mawe na udongo wa saruji wa 1 kwa 4 (saruji 1, mchanga 4), na anza na upana wa sentimita 50 hadi 60 chini, ukipungua hadi 30 au 35 juu. Uso wa mbele uegemee kidogo upande wa mlima. Kila mita 1.5 weka kipande cha bomba la inchi 2 kinachopita ukuta mzima, sentimita 15 juu ya ardhi ya chini, kikiinamia nje. Nyuma ya ukuta panga kokoto au mawe madogo kwa upana wa sentimita 30 kutoka chini mpaka karibu na juu, na mdomo wa kila bomba uzungukwe na mawe makubwa kidogo ili udongo usiuzibe. Subiri siku 7 kabla ya kuanza kujaza udongo nyuma, na ujaze kwa tabaka za sentimita 20 zinazoshindiliwa. Ukizidi kimo cha mita 1.2, usiende kwa uzoefu wa fundi peke yake. Tafuta mhandisi, au gawa mteremko uwe na kuta mbili fupi zenye nafasi ya kutosha katikati.

Kuta mbili fupi ni bora pia kwa wavulana. Watapanda ukuta wako, hilo ni hakika, na watauruka. Kuanguka kutoka sentimita 60 kwenye mchanga ni kilio cha dakika mbili. Kutoka mita 1.5 kwenye jamvi la zege ni safari ya hospitali. Chini ya ukuta, badala ya zege, acha ukanda wa mita 1.5 wa mchanga laini au nyasi.

Ukuta wa tofali unaojengwa huru, kama wa kugawa ua na kwa jirani, una hatari yake ya peke yake. Usipandishwe zaidi ya mita 1.2 kwa siku, na uwekewe nguzo kila mita 3. Ukuta mbichi unaonekana mzima, lakini mtoto wa kilo 20 akining'inia juu yake unakuja naye. Kwa siku tatu za kwanza uchukulie kwamba haujasimama bado.

Lori, mchanga, na kilima wanachokipenda

Dereva anayerudi nyuma na tripu ya mchanga haoni mtoto aliye nyuma ya tairi. Hakuna mazungumzo kwenye hili: kabla lori halijaingia getini, watoto wote wako ndani, mlango umefungwa, na mtu mzima amewahesabu kwa sauti. Si "wako ndani hao". Wahesabiwe kwa majina.

Mchanga ukishamwagwa, umeshakuwa mali yao. Watachimba mapango, na pango la mchanga humwangukia aliyemo. Dawa yake ni kuwapa wa kwao: ndoo 10 za mchanga kwenye kona yenye kivuli, wenye kimo kisichozidi magoti, makopo mawili, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, na ruhusa ya maji kidogo. Kilima cha fundi kifunikwe turubai na kukandamizwa kwa tofali, jambo ambalo pia linawazuia paka wa mtaa kukigeuza choo, na upepo wa kiangazi kukipeleka kwenye nguo zilizoanikwa.

Ununue mchanga baada ya kuupima, na hapa wavulana wawili wakubwa ni wataalamu kamili. Wape chupa ya plastiki iliyo angavu. Wajaze mchanga theluthi moja, maji mpaka theluthi mbili, chumvi kidogo, watikise dakika mbili, waiweke juu ya meza bila kuigusa kwa saa tatu. Mchanga utatulia chini, na udongo laini utakaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Wapime kwa rula. Tabaka hilo likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, mkatae mwenye lori. Udongo huo unazuia saruji kushika punje za mchanga, na lipu yake inamenyuka kwa kidole. Mtoto wa miaka 9 aliyesababisha lori kurudishwa atatembea kifua mbele wiki nzima.

Saruji inakuja Kigoma kutoka mbali, kwa hiyo mfuko ulioganda ni hasara kubwa kuliko mahali pengine. Ipangwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, ndani ya chumba kinachofungwa. Kufuli hilo ni kwa ajili ya watoto kuliko wezi.

Siku ya zege

Jamvi la jiko la nje la mita 3 kwa mita 4, unene wa sentimita 10, ni mita 1.2 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4 hiyo ni mifuko 8 ya kilo 50. Mfuko mmoja una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo kila mfuko unakwenda na ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni, zisizofura. Maji ni lita 25, labda 28 mchanga ukiwa mkavu sana. Vibarua hupenda kuongeza maji kwa sababu zege jepesi halichoshi mikono. Kila ndoo ya ziada inaacha vinyweleo ndani ya zege, na baada ya mwaka uso wake unatoa vumbi. Weka mtu wa kuhesabu. Mvulana wa miaka 8 mwenye kipande cha chaki na ubao, amekaa kwenye kigoda mbali na zege, anahesabu ndoo vizuri kuliko kijana anayepiga soga. Hata hivyo asiachwe peke yake kumkosoa fundi. Aseme kwa mzazi, na mzazi aseme kwa fundi. Heshima ya kazi ina utaratibu wake, na mtoto anayeanza asubuhi kwa "Shikamoo fundi" hupata nafasi ya kuuliza maswali mengi zaidi.

Mteremko wa jamvi uwe sentimita 1 na nusu mpaka 2 kila mita, kwenda mtaroni, usielekee ukuta wa nyumba. Kata mstari wa kiungo katikati, kila mita 2.5 hivi, ili ufa ukitokea ufuate hapo.

Zege bichi linaunguza ngozi. Si kama moto. Linauma polepole, na mtoto hulia baadaye, baada ya kucheza nalo nusu saa. Kwa hiyo ile hamu ya kukandamiza kiganja kwenye jamvi jipya ielekezwe kwingine. Fundi awatengenezee kila mmoja kipande chake cha sentimita 30 kwa 30 kwenye fremu ya mbao, waandike jina kwa msumari, wakandamize jani la mchikichi kwa kipande cha ubao. Wakishapata chao, hawana sababu kubwa ya kuja usiku kwenye jamvi. Mbwa ataacha nyayo zake hata hivyo.

Kumwagilia ndiyo kazi ambayo wavulana wanaimudu kwa asilimia mia. Zege linahitaji unyevu siku 7 bila kukosa, kwa sababu saruji inakomaa kwa maji, haikaushwi na jua. Funika jamvi kwa majani ya migomba au magunia, na wape makopo yaliyotobolewa matundu chini; asubuhi, saa 6 mchana na jioni. Kutembea kwa miguu ni baada ya siku moja, mpira baada ya wiki, toroli iliyojaa baada ya wiki pia, na gari lisubiri siku 28.

Kazi kwa umri wao

Mtoto wa miaka 3 au 4 anabeba. Mpe kokoto za kuhamisha kwa kopo kutoka hapa mpaka pale, hata kama hakuna haja ya kokoto pale. Wa miaka 5 na 6 anaokota misumari kwa sumaku: spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzito nyuma, ifunge kwa kamba ya mita moja, aivute chini kama anamtembeza mbwa. Atapata misumari, vipande vya waya wa kufungia nondo na vizibo vya soda. Malipo yawe kwa kila kumi, na bei ipatanwe mapema kama na kibarua mwingine yeyote.

Wa miaka 8 na 9 apewe hesabu za kweli. Mpira wa pima maji, ule mrija angavu wenye maji, unahitaji watu wawili, na mmoja wao anaweza kuwa yeye. Atajifunza kwamba kukiwa na kiputo cha hewa ndani ya mrija vipimo vyote ni uongo. Kupiga pembe mraba kwa 3, 4 na 5 ni hivyohivyo: kamba ya mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na mshazari ukisoma mita 5 kamili, kona imenyooka. Fundi mzuri hufurahi kumwonyesha mtoto jambo hili. Fundi anayekasirika, angalia kona zake.

Ambavyo hawagusi: grinda na ekstensheni yake, chokaa, saruji kavu, na sululu. Wanaokata tofali au vigae kwa grinda wamwagie maji, na watoto wawe upande upepo unakotokea. Mwenye pumu asiwe nje kabisa siku hiyo.

Na jambo ambalo huwa halisemwi waziwazi: mafundi ni wageni hata wakiwa waungwana. Mtoto hatumwi dukani na fundi, haendi na fundi chooni wala kwenye stoo, na vibarua wana choo chao au muda wao wa kutumia cha nyumbani. Hili ni kwa watoto wa kiume sawasawa na wa kike. Mwambie fundi mkuu siku ya kwanza, kwa upole, mbele ya wenzake. Aliye sawa hatakwazika.

Nyumba iliyokosa ua

Kwetu ua ni jiko, ni dobi, ni mahali pa kuanika muhogo na dagaa, ni bafu la watoto. Ukiufunga mwezi mzima, shughuli zote hizo zinabanana kibarazani. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kwa siku moja ya vumbi. Moshi wake usioonekana unaua waliolala. Lihamishieni upande wa mbele ya nyumba, na lizungushiwe tofali tatu ili sufuria isipinduliwe na mpira.

Chakula cha mafundi kiamuliwe kabla ya bei: na chakula au bila chakula. Kama ni nacho, ugali wa muhogo na dagaa au migebuka ya watu sita unataka sufuria kubwa kuliko ile ya kila siku, na anayepika hawezi kuwa huyohuyo anayechunga watoto. Zamu iwe ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayekabidhi kwa maneno: "Nimewaacha watatu, wewe sasa." Watoto hupotea machoni pale ambapo kila mtu mzima alidhani mwenzake anaangalia.

Kelele zipangiwe saa. Kuvunja na kukata kumalizike kabla ya saa 7 mchana, ili mdogo alale wakati wa kujenga na kupiga lipu, kazi zisizo na makelele. Kuhusu msamiati ambao wavulana watauleta mezani kutoka kwa vibarua, jitayarisheni tu.

Saa 11 jioni

Usafi wa jioni uandikwe kwenye makubaliano, nusu saa ya mwisho ya kila siku, na sehemu ya salio la fundi iufuate. Vitu vya kukagua ni vinne. Mashimo yafunikwe. Maji: ndoo na makarai yafudikizwe, pipa liwe na mfuniko uliofungwa kwa kamba, na dimbwi lolote likaushwe. Hapa Kigoma malaria ni nyingi, na yai la mbu linakuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo dimbwi la msingi lililosahaulika linatosha kuleta homa mwishoni mwa kazi. Chuma: misumari, waya, na hasa nondo zilizosimama, ambazo ncha zake ziko sawasawa na macho ya mtoto. Chupa ya maji iliyovalishwa juu inaionyesha nondo tu, haizuii kuchoma. Zipindwe kichwa, au pigilia ubao juu ya safu nzima. La nne ni ngazi, ilazwe na kufungwa kwa mnyororo.

Tofali na mabati ya zamani yasikae rundo moja wiki nyingi, kwani nge na nyoka hupenda uwazi wa chini. Wavulana wavae viatu, si ndala, kwa sababu msumari unapita kwenye ndala kama haipo. Na miguu ioshwe na kukaguliwa kila usiku, funza wanapenda vumbi kavu.

Msumari ukiingia mguuni, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, lisizibwe kwa majivu wala mafuta ya taa, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake ya kliniki, ili waone chanjo zake za pepopunda. Saruji ikiingia jichoni, mimina maji safi taratibu kwa dakika 20 bila kuacha, jicho likiwa wazi, halafu hospitali hata kama ameacha kulia. Dumu moja la maji safi liwe mahali panapojulikana kwa ajili hiyo tu.

Ngazi, tenki, mvua ya kwanza

Vidato vya ngazi ya ua viwe na kimo kimoja, sentimita 15 hadi 17, na mahali pa kukanyaga sentimita 30. Kidato kimoja kikizidi vingine kwa sentimita 3, hicho ndicho kitakachomwangusha kila anayekimbia, kwa sababu mguu unashika mwendo baada ya vidato viwili na hauangalii tena. Vyuma vya kizuizi visimame wima, nafasi kati yake isizidi sentimita 10 ili kichwa kisipite.

Simtenki la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Jukwaa lake liwe tambarare na lishike kitako chote, si tofali nne za pembeni, na mfuniko ufungwe kwa kufuli. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 20 za mvua linatoa karibu lita 1,200, kwa hiyo mvua mbili nzuri zinalijaza, na maji ya kufurika lazima yawe na bomba lake mpaka mtaroni. Yakimwagika nyuma ya ukuta wa mawe, kazi yote ya kokoto na matundu imepewa mzigo ambao haikupangiwa.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ikinyesha, tokeni na jembe na mwavuli mkaangalie matundu ya ukuta yanatoa nini. Maji yenye tope kidogo saa ya kwanza ni ya kawaida. Yakiendelea kuwa mekundu mvua ya pili na ya tatu, udongo wa nyuma unatoka pamoja nayo na shimo linajichimba ndani. Hapo fukua nyuma ya tundu hilo wakati bado ni mapema, ongeza mawe na kokoto, na ufukie upya. Tundu lisilotoa kitu kabisa wakati mengine yanatiririka limeziba, lichokonoe kwa nondo kutoka mbele.